Mshauri Kwenye Toroli

Nilipokuwa na miaka ishirini na sita niliamini kwamba hakuna lango ambalo sitalifungua kwa maneno. Nilikuwa na ushahidi. Katika vijiji vitatu vya wilaya yetu, mtu akioa, mimi ndiye niliyeitwa kusimama mbele ya lango la bibi harusi na kusema mashairi mpaka ndugu zake walifungue. Ndugu hao huwa wamelizuia kwa mabega, wengine wameanza kunywa tangu asubuhi, na daima kuna mmoja ameshika uma wa kugeuzia nyasi. Nilikuwa nimefungua malango arobaini na moja. Sikufundishwa na mtu. Vina nilijifunza peke yangu nikipaka chokaa miti ya plamu ya babu yangu. Niliisomea miti ile kila beti, na haikuwahi kulalamika. Hilo lingeweza kunipa onyo, kama ningekuwa mtu wa kupokea maonyo.

Kwa hiyo kliniki ya wilaya ilipotangaza nafasi ya mshauri wa wanawake wenye matatizo ya pombe, niliona kazi imenitafuta yenyewe. Cheti cha ustawi wa jamii nilikuwa nacho, ulimi nilikuwa nao. Mwanamke anakunywa, mimi naongea, mwanamke anaacha. Nilikadiria kwamba wilaya nzima nitaimaliza kabla ya mavuno ya zabibu.

Daktari Axenia, mkuu wa programu, alinipeleka Kishinau, mji wetu mkuu, kwa mafunzo ya siku tano, kisha akanipa kinasa sauti kidogo cha kuweka mezani wakati wa mazungumzo. Mafunzo yenyewe yalikuwa mafupi ukiyatazama. Usimhubirie mtu. Usimtishe. Muulize, nyamaza, msikilize, kisha mrudishie alichosema ili naye akisikie. Sababu za kuacha pombe azitoe yeye kwa kinywa chake, zisitoke kwako. Niliyaandika yote kwa mwandiko mzuri, nikadhani yametungwa kwa ajili ya watu wasio na kipaji.

Mteja wangu wa kwanza aliitwa Zinovia. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, mjane, mpishi wa chekechea katika kijiji cha Lozeni. Mwezi wa Februari mwalimu mkuu alimkuta amelala juu ya magunia ya viazi saa nne asubuhi huku supu ya watoto ikiungua, akamsimamisha kazi. Alikuja kliniki kwa mlango wa nyuma, kitambaa cha kichwa kimeshushwa mpaka kwenye nyusi. Kwetu wanaume hunywa mbele ya duka, wanawake hunywa nyuma ya pazia, na wakitaka kutubu, toba nayo hukaa huko huko nyuma ya pazia.

"Mimi nimekuja kwa ajili ya mgongo," aliniambia kabla hajaketi. "Ukikutana na mtu wa Lozeni akakuuliza, mimi nina mgongo."

"Una mgongo, mama."

"Na tena sinywi. Ninakunywa divai tu. Ya kwangu mwenyewe, nimeikamua kwa mikono hii, haina hata sukari. Pombe ni ile ya dukani."

Nilivuta pumzi kama ninavyovuta mbele ya lango. Kisha nikaanza. Nilimweleza habari za ini. Nilipanda kwenye moyo, nikashuka kwenye figo, nikapita kanisani, nikamwonyesha mizabibu inayolia na mapipa yanayocheka. Nilikuwa nimependeza kiasi kwamba mahali fulani katikati nilisimama. Zinovia alinisikiliza kwa raha, kichwa upande, kama mtu anayesikiliza redio akimenya viazi.

"Unaongea vizuri, mwanangu," alisema nilipomaliza. "Umeoa?"

Nilikumbuka kwamba kuna swali la vipimo nilitakiwa kuliuliza. "Kutoka sifuri hadi kumi, mama Zinovia, uko tayari kiasi gani kuacha?"

Alifikiri. "Mbili. Haya, tatu."

"Kwa nini tatu tu? Kwa nini si tisa?"

"Kwa nini si tisa," alisema, akakivuta kiti chake vizuri kama mtu anayejiandaa kukaa sana. "Ngoja nikuambie. Nyumba ile ina vyumba vinne na mimi niko mmoja. Theluji ikianguka Novemba haiondoki. Mizabibu ile aliipanda marehemu Simion, kila mzizi aliuchimbia shimo yeye, nikiimwaga divai yake si ni kama kumwaga mume? Pipa moja bado limejaa. Daktari wa zamani, yule aliyehamia mjini, alisema glasi moja ni nzuri kwa damu, na mimi nina damu nyingi, ni mtu mnene. Halafu usingizi. Wewe una miaka mingapi? Hujui usingizi unavyoweza kumkimbia mtu." Alijitazama mikono. "Unajua, sasa nimeyasema yote pamoja naona hata ile tatu nilikupa kwa heshima tu. Andika moja."

Niliandika moja.

Daktari Axenia alikuwa na desturi ya kusikiliza kila mkanda akiwa na saa mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakupandisha sauti hata siku moja, jambo lililonifanya nimwogope zaidi. Aliniita ofisini siku ya pili.

"Mazungumzo yalikuwa ya dakika arobaini na tano," alisema. "Wewe umeongea thelathini na nane."

"Nilikuwa namtia moyo, daktari."

"Nani?"

"Mama Zinovia."

"Yeye ameongea dakika saba, Ghenadie. Na dakika hizo saba alikuwa anatetea pipa lake, kwa sababu wewe ulimwomba alitetee. Mtu akikwambia tatu, ukamuuliza kwa nini si tisa, utapata orodha ya kwa nini si tisa. Muulize kwa nini si moja, atakupa zile sababu mbili tatu alizo nazo, hata kama ni ndogo. Hizo ndizo unazozihitaji." Alizima kinasa sauti. "Aliyetoka mle ndani ameshawishika kuacha pombe ni wewe. Sijui kama una haja nayo."

Nilitoka nimevimba. Nilijiambia kwamba mwanamke yule haelewi sanaa. Nilijiambia hivyo mpaka nikafika nyumbani, na nilipofika nikajimiminia glasi moja ya kutuliza hasira, kwa sababu ilikuwa divai tu, ya kwetu wenyewe.

Lakini mimi ni mtu wa kushindana, na dakika thelathini na nane zilikuwa zimeniuma. Wiki iliyofuata nilitafuta dawa. Nilichukua kokwa la plamu iliyokaushwa, nikaliweka chini ya ulimi kabla Zinovia hajaingia. Nilipanga kwamba kila nikitaka kusema jambo zuri, nilinyonye kokwa kwanza.

"Una jino bovu?" aliniuliza.

Nilitikisa kichwa.

"Basi una nini leo, mbona umekaa kama mtu aliyemeza ufunguo?"

"Nasikiliza," nikasema kwa shida.

Tukanyamaza. Sijui kama umewahi kunyamaza mbele ya mtu kwa dakika nne huku una beti nzima za pombe na majuto zimepanga foleni kooni. Nililizungusha lile kokwa mpaka likawa laini. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Zinovia alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja mara nne, akakikunjua.

"Binti yangu anafanya kazi Bologna," alisema. "Steliana. Anamtunza mzee mmoja wa huko, anamwosha, anamlisha. Ana mtoto wa miaka mitano, Noemi. Kila Jumapili tunaongea kwa simu. Unajua simu inavyoanza? Watu wengine wanaambiwa, habari yako, mama. Mimi naambiwa, mama, umekunywa?"

Kokwa likagonga jino. Nilitafuta cha kusema, na kwa sababu ya kokwa sikupata zaidi ya maneno machache. "Kila simu inaanza na swali hilo."

"Kila simu. Hata siku ambayo sijanywa. Siku hiyo ndiyo inauma zaidi, kwa hiyo nikikata simu nakunywa." Alicheka kidogo bila furaha. "Chekechea ya Noemi inafunga Juni. Hana wa kumwachia. Anataka kumleta kwangu majira yote ya joto, miezi mitatu, hebu fikiria, mtoto miezi mitatu ndani ya vile vyumba vinne. Lakini amesema, nitakuja kwanza mwenyewe, peke yangu, Pasaka ya Wafu. Nitakaa wiki, nitaona kwa macho yangu. Nikiona sawa, namleta. Nikiona vile vile kama zamani, usiniombe tena."

"Unamtaka huyo mtoto."

"Swali gani hilo. Nimeshamfumia soksi."

Nikakumbuka kipimo. "Sifuri hadi kumi?"

"Nne."

"Kwa nini nne, si moja?"

Alifungua mdomo kujibu, akaufunga, akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali hilo kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Kisha akaanza kusema. Alisema dakika thelathini na tatu. Siku ile aliporudi Lozeni aliziba mlango wa ghala la chini kwa kabati la nguo, na ufunguo wa ghala akampelekea kasisi, akimwambia kwamba ana mgongo na hawezi tena kushuka ngazi.

Daktari Axenia aliusikiliza mkanda, akatazama saa yake, na hakusema kitu zaidi ya "Endelea." Kwa mwanamke yule hiyo ilikuwa sherehe. Lakini kokwa la plamu linaweza kumzuia mtu ulimi tu. Kiburi hakikai mdomoni. Nilianza kutembea wilayani nikimhesabia Zinovia siku zake kama ni zangu: kumi na tano, thelathini, arobaini na nane. Nilianza pia, kimya kimya, kumtungia shairi.

Pasaka ya Wafu kwetu ni Jumatatu, wiki moja baada ya Pasaka yenyewe. Watu wote hurudi, hata walio Italia, hata walio Urusi, wakatandaza vitambaa juu ya nyasi kando ya makaburi yao na kupanga chakula. Kisha kila familia hugawa vikombe. Unapewa kikombe kipya chenye divai, pamoja na mkate wa mviringo na mshumaa, kwa ajili ya roho ya marehemu wao. Unasema "Mungu awapokee," unadondosha matone machache ardhini, unakunywa. Kikombe hicho hakikataliwi. Ukikikataa, humkatai jirani yako aliye hai, unamkataa baba yake aliye chini.

Tulilizungumza hilo katika kikao cha mwisho kabla ya siku yenyewe.

"Nimeshafikiria," Zinovia alisema. "Kila kikombe nitakipokea kwa mikono miwili, nitainama, nitammwagia Simion chote. Akitokea wa kuuliza, nitasema marehemu alikuwa na kiu maisha yake yote, na kufa hakujambadilisha."

Nilicheka. Lakini moyoni niliuona mpango ule ni mwepesi. Matone machache, sawa. Kikombe kizima, nani asione? Ningempa mpango bora, ila kokwa lilikuwa mdomoni.

"Na wewe utakuwepo?" aliuliza.

"Bibi yangu mzaa mama amezikwa Lozeni."

"Basi kaa kwa bibi yako. Mimi nitakuwa kwa Simion. Hatujuani. Mimi nina mgongo."

Siku ile jua lilikuwa zuri, miti ya plamu imechanua, makaburi yote yamepakwa rangi ya buluu. Zinovia alikuwa amevaa blauzi nyeupe, amesimama wima kando ya kaburi la Simion. Pembeni yake alikuwa mwanamke kijana mwenye nywele fupi na viatu vya mjini, ameshika sahani ya kabichi iliyofungiwa wali na nyama. Huyo ndiye Steliana. Alikuwa na namna ya kumtazama mama yake bila kumtazama, kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

Nilikaa kwa bibi yangu kama nusu saa. Kisha nikamwona Profira, jirani yao, mwanamke mwenye kifua kama kabati, akielekea kwa Zinovia na kikombe kilichojaa mpaka ukingoni. Zinovia akakipokea kwa mikono miwili, akaanza kuinama.

"Kidogo kwa Simion, jirani," Profira alisema, "kingine kwako. Usimpe chote, hata kwako alikuwa mchoyo."

Nikaona lango linafungwa. Nikaruka makaburi mawili.

"Mama Profira, nipe mimi," nilisema, nikakichukua kikombe mkononi mwa Zinovia. "Leo nina kiu ya kuwaombea watu." Nikasema Mungu awapokee, nikanywa chote.

"Kijana wa nani huyu?" Profira aliuliza.

"Yule wa mashairi ya harusi," mtu akajibu. "Huyo hata kwenye ubatizo anakunywa hivyo."

Zinovia aliniinamia kama anayenipangusa koti. "Nani kakuita?" alininong'oneza.

"Nakulinda."

"Nilikuwa na mpango."

"Wako ni wa kumwaga. Wangu ni imara zaidi."

Na kweli ulikuwa imara. Kila kikombe kilichoelekezwa kwake, nilikuwa pale. Cha pili kilitoka kwa mke wa mchunga kondoo, cha tatu kwa mtu wa posta, cha nne na cha tano kwa ndugu wawili ambao hawazungumzi, kwa hiyo kila mmoja alikuja na kikombe chake kwa ajili ya baba yule yule. Zinovia hakuwa amenywa hata tone. Mimi nilikuwa nimewaombea marehemu kwa vikombe tisa. Nilijiona kama askari anayezuia risasi kwa kifua. Ndipo nikaona kwamba tendo kama hili haliwezi kupita bila shairi.

Nilikitoa kinasa sauti mfukoni, nikakiwasha ili maneno yasipotee, nikakirudisha. Nikapanda juu ya benchi la kaburi la jirani. Nikapiga makofi.

"Ndugu zangu," nilisema, "leo makaburini kuna shujaa." Nikamnyooshea mkono Zinovia, nikasoma kwa sauti ile ya malangoni:

"Simama mama simama, tupa chini hilo kombe,
Umepigana na nyama, na damu na hiyo pombe,
Kijiji kizima njama, kilitaka ukaombe,
Mimi niliyekusoma, nakusihi usiyumbe."

Kwenye neno "usiyumbe" nikayumba. Benchi lilikwenda upande wake, mimi nikaenda wangu, nikaangukia kwenye mikate ya mtu wa posta.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimelala chali, natazama maua ya plamu, na hata katika hali ile nilianza kusikia nilichokisema. Siri ya miezi miwili, ya mlango wa nyuma, ya kitambaa kilichoshushwa mpaka kwenye nyusi, nilikuwa nimeisoma kwa vina mbele ya Lozeni nzima na wafu wake.

Niligeuza kichwa. Zinovia alikuwa amesimama pale pale. Mkononi alikuwa na kikombe, cha kumi, kile ambacho sikuwahi kukidaka. Kimejaa. Watu walikuwa wanamtazama yeye, kisha kikombe, kisha wanatazama nyasi. Steliana alikuwa bado ameshika sahani, na uso wake ulikuwa umefungwa kabisa.

Mkono wa Zinovia ulipanda. Ulifika kifuani, ukasimama. Kama angekunywa wakati ule nani angemlaumu? Ingekuwa hata adabu: kikombe kingekuwa tupu, watu wangeanza kuongea tena, na binti yake angepanda ndege na jibu lake. Na mimi ndiye ningekuwa nimemkabidhi jibu hilo.

Zinovia akainama. Akamwaga taratibu, chote, kwenye miguu ya msalaba wa Simion, akakitikisa kikombe mpaka tone la mwisho.

"Kunywa, baba wee," alimwambia. "Mimi nimeshatosheka." Kisha akainuka, akawatazama watu mmoja mmoja. "Mmesikia. Basi mjue vizuri, msije mkasimuliana makosa. Ni siku sitini na moja leo. Mgongo wangu hauna kitu."

Profira alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Na huyu kijana ni nani wako, jirani?"

Zinovia akanitazama nilivyolala, mkate mmoja kichwani. "Huyu," alisema, "ndiye mshauri wangu wa kuacha pombe."

Nadhani hata wafu walisikia kicheko kile. Mtu wa posta alikaa chini. Profira alijishika mbavu kwa mikono yote miwili, akasema anakufa, akaambiwa asijisumbue kwenda mbali, yuko pale pale. Na Steliana, ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu, aliweka sahani juu ya kaburi la baba yake, akafunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika. Sikuweza kujua kama anacheka tu. Mama yake akamshika bega.

Walinitoa kwa toroli la kubebea maji ya maua. Steliana alishika mpini mmoja, Zinovia mwingine. Barabara ya Lozeni ina mashimo mengi, na kila shimo nililijua kwa jina.

"Unajisikiaje, mwanangu?" Zinovia aliuliza.

"Kama mtu aliyeharibu kila kitu."

"Umeharibu kila kitu."

"Nilitaka kukulinda."

"Ulitaka kunilinda."

"Na nilitaka wasikie shairi."

"Zaidi hilo la shairi," alisema, na Steliana akapaliwa na kicheko upande wa kushoto.

Tukapita kisima. Nilisikia magurudumu yakilia. "Kwenye harusi," Zinovia akaendelea kama anayeuliza habari za hali ya hewa, "huwa unakunywa vikombe vingapi?"

"Kila lango lina kikombe chake, mama. Huko si kunywa, ni kazi. Divai ya watu, ya nyumbani."

"Pombe ni ile ya dukani."

Nikajifunika uso kwa koti.

"Sifuri hadi kumi?" alisema.

"Usinifanyie hivyo."

"Nimeuliza tu."

"Nne," nikasema.

"Kwa nini nne, si moja?"

Hapo sikuwa na kokwa la plamu, na nisingelihitaji. Niliongea kuanzia kisimani mpaka lango la Zinovia. Nilisema kwamba asubuhi baada ya harusi siwezi kukumbuka nilichotunga. Nilisema kwamba mama yangu sasa huwafungia kuku ndani nikirudi, kwa sababu mara moja niliwatolea hotuba, wakakimbilia kwa jirani. Na nilisema lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu: lango la arobaini na moja, Oktoba iliyopita, sikulifungua mimi. Nilisimama mbele yake, nikasahau ubeti wa pili, nikarudia wa kwanza mara tatu, na baba ya bibi harusi akamalizia mstari kwa niaba yangu kisha akafungua mwenyewe kwa kunihurumia. Nimelihesabu tangu siku ile kama ushindi.

Zinovia akafungua lango lake. Walishusha toroli, wakanilaza chini ya mzabibu wa Simion na ndoo pembeni.

Nilirudi siku tatu baadaye kuomba radhi. Steliana alikuwa langoni, mkoba wake wa safari ukiwa tayari. Nilifungua mdomo. Alininyooshea kidole ninyamaze.

"Noemi atakuja Juni," alisema. "Sio kwa sababu ya shairi lako, usijipongeze. Shairi lako lilitaka kuniua. Nilipoona kikombe kimefika kifuani nilikuwa nimeshafikiria kukata tiketi ya kurudi mapema." Akavuta mkoba. "Nimekaa naye siku saba. Jana usiku nikakumbuka kwamba swali lile la simu sijamuuliza hata mara moja. Nilikuwa nimelisahau."

Kinasa sauti nilikikuta bado kiko mfukoni mwa koti, kimejaa. Ningeweza kukifuta. Nilikaa nacho usiku mzima, na asubuhi nikakipeleka kwa Daktari Axenia na kukiweka mezani bila hotuba, hotuba yangu ya kwanza niliyowahi kuiacha. Alivaa miwani, akashika saa, akasikiliza yote, makaburi na benchi na mikate na toroli. Uso wake haukusogea.

"Siri ya mteja umeitangaza kwa vina," alisema. "Ningekufukuza leo. Mama Zinovia amenipigia simu, ameniomba nisikufukuze. Amesema hajamaliza na wewe." Akaandika kitu. "Miezi mitatu hutashauri mtu. Utakaa kwenye kundi la wanawake la Alhamisi, utawachemshia chai, na hutasema neno mpaka uulizwe."

"Sawa, daktari."

"Kuhusu sehemu ya toroli." Aligeuza saa ili niione. "Dakika ishirini na sita. Wewe umeongea ishirini na mbili, yeye nne. Ni ushauri bora kuliko wote niliousikia tangu programu ianze. Natamani ungekuwa wako."

Alhamisi ile nilifika mapema, nikachemsha maji, nikapanga vikombe kumi na viwili. Wanawake waliingia mmoja mmoja kwa mlango wa mbele, maana Zinovia alikuwa ameufungua na kusimama pale kama mwenye nyumba. Alinikaribisha kiti kilichokuwa karibu na birika.

"Kijana wetu yule," aliwaambia wengine. "Muwe wapole kwake." Kisha akanigeukia. "Leo ngapi?"

Nilikuwa na utangulizi mzuri sana wa jibu hilo, wenye mizani na vina viwili. Nikaumeza.

"Sita," nikasema. Nikamimina chai, nikasubiri aniulize kwa nini si tano.